Jezi Haina Mwenyewe

Kila Jumatatu asubuhi katika mji wa Rongo, pale njia ya kwenda Homa Bay inapoachana na barabara kuu itokayo Kisii kwenda Migori, hufunguliwa mahakama isiyo na hakimu. Washitakiwa ni wachezaji wa mpira walioshindwa Jumapili. Mashahidi ni waendeshaji wa bodaboda, wauza ndizi, na walimu waendao kazini. Na hukumu hutolewa kabla chai haijapoa. Timu ikiwa na watu wazima wengi, hukumu husema, "Ondoeni wazee hawa, wekeni vijana." Timu ikiwa na vijana wengi, hukumu husema, "Watoto hawajui mpira, warudisheni wakubwa." Jumatatu ifuatayo hukumu hugeuzwa, na waliohukumu hawaoni haya.

Nimeisikiliza mahakama hiyo kwa miaka mingi, na mara kadhaa nilikuwa miongoni mwa washitakiwa. Leo nataka kukata rufani. Nasema kuwa hukumu zote mbili ni mbovu, kwa sababu zote mbili zimesimama juu ya kosa moja: zadhani kuwa jezi ni mali ya umri fulani. Huyu adhani ni mali ya kijana kwa kuwa kesho ni yake; yule adhani ni mali ya mkongwe kwa kuwa jana ilikuwa yake. Jezi haina mwenyewe. Jezi ni amana. Huvaliwa na mtu awezaye kuitumikia leo, naye mtu huyo ana deni kwa yule atakayeivaa kesho.

Wewe msomaji uliye na miaka 15 au 17 waweza kuniuliza, "Neno hili lanihusu nini?" Lakuhusu sana. Katika ugomvi huu wewe ndiwe unayesifiwa bila kupewa kazi, au unayepewa kazi bila kufundishwa. Yafaa basi usikilize kesi ambayo wengine wanaiamua kwa niaba yako.

Nitaanza na wale wanaopiga kelele kwamba wakongwe waondolewe. Hoja yao si ya upuuzi, na ni vizuri kuieleza kwa haki kabla ya kuijibu. Wanasema kuwa mpira ni mchezo wa miguu, na mguu wa miaka 20 una mbio kuliko mguu wa miaka 33. Wanasema kuwa kijana ana njaa ya kujulikana na mkongwe ameshiba. Wanasema pia kuwa timu isiyotia damu mpya itakufa siku moja pamoja na wachezaji wake. Haya yote ni kweli, wala mimi sitayakanusha.

Walakini ukweli huo ni nusu tu, na nusu ya ukweli yaweza kumpoteza mtu kama uongo mzima. Ujuzi wa mpira una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yaonekana kwa kila mtu aliyesimama pembeni: mbio, nguvu, kuruka, na mkwaju wa kuchana nyavu. Sehemu ya pili haionekani kwa urahisi. Beki mkongwe huanza kusogea kabla mpira haujapigwa, mpira ukifika humkuta amesimama, na mtazamaji husema, "Mzee huyu hakimbii." Kijana hukimbia mbio za kupendeza kuufuata mpira huo huo, kwa sababu amechelewa kuuona, mtazamaji husema, "Tazama mbio za huyu!" Hivyo aliyekosea hushangiliwa na aliyepatia hudharauliwa. Mkongwe anajua pia wakati wa kuupunguza mwendo mchezo unapokuwa moto, wakati wa kumnyamazisha mwenzake asigombane na mwamuzi, na neno la kumwambia mlinda mlango aliyetoka kufungwa bao la aibu. Mambo haya hayapimwi kwa saa wala kwa futi, lakini mechi nyingi zimeshindwa kwa kuyakosa.

Hebu tuvuke bahari tutazame mfano unaojulikana duniani kote. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1958, iliyochezwa karibu na mji wa Stockholm, Brazil ilipambana na wenyeji, Sweden. Dakika ya 4 tu, nahodha wa Sweden, Nils Liedholm, alifunga bao la kwanza. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Katika timu ya Brazil alikuwamo kijana wa miaka 17, jina lake Pelé. Kijana wa umri huo, nchi ya ugeni, bao limekwisha kuingia: angefanya nini? Aliyejibu swali hilo ni Didi, kiungo wa Brazil, mtu aliyekaribia miaka 30. Aliuchukua mpira, akaubeba mikononi, akatembea polepole mpaka katikati ya uwanja huku akiwatuliza wenzake. Hakukimbia. Kutembea kule kulikuwa ni kazi, na pengine ilikuwa kazi kubwa kuliko zote zilizofanywa siku ile. Brazil ilishinda kwa mabao 5 kwa 2, na Pelé alifunga mawili kati ya hayo. Nyuma yao alikuwapo beki Nilton Santos, aliyekuwa na miaka 33.

Jambo jingine la mechi hiyo lafaa kukumbukwa. Liedholm, aliyefunga bao la kwanza, alikuwa na miaka 35, na mpaka leo hakuna mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake aliyefunga bao katika fainali ya Kombe la Dunia. Pelé, kwa upande wake, ndiye mdogo kuliko wote waliopata kufanya hivyo. Mkubwa wa wote na mdogo wa wote walifunga katika mechi moja! Kama umri ungekuwa ndio hakimu, mmoja wao asingekuwapo uwanjani.

Watetezi wa vijana hupenda kutupiga kwa fimbo ya Manchester United. Mwaka 1995 timu hiyo iliwauza wachezaji wake mashuhuri watatu, Mark Hughes, Paul Ince na Andrei Kanchelskis, ikawaingiza vijana iliowalea yenyewe: David Beckham, Paul Scholes, Nicky Butt, na ndugu wawili Gary na Phil Neville. Siku ya kwanza ya msimu walifungwa na Aston Villa mabao 3 kwa 1, na Alan Hansen, mchezaji wa zamani aliyekuwa mchambuzi wa televisheni, akatoa hukumu kwamba kwa watoto hakushindwi kitu. Msimu ulipokwisha mwaka 1996, watoto hao walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Kisa hiki husimuliwa Rongo kama kinavyosimuliwa London, na kila msimulizi hukimaliza kwa kusema, "Mmeona? Vijana!"

Nami nauliza: mbona hesabu yenu imeruka watu? Langoni mwa timu hiyo alisimama Peter Schmeichel, aliyetimiza miaka 32 msimu huo. Mbele yake alikuwapo Steve Bruce, aliyetimiza miaka 35, pamoja na Gary Pallister na Denis Irwin. Mbele zaidi alirudi Eric Cantona baada ya adhabu yake ndefu, na inajulikana kuwa alizoea kubaki uwanjani baada ya mazoezi kuurudiarudia mkwaju wake, na vijana wakajifunza kubaki naye. Walimu wa timu hawakuiharibu nyumba yote. Walitoa nguzo tatu na kuziacha nyingine zisimame mpaka miti mipya ikauke na kuwa migumu. Anayesimulia kisa hicho bila wakongwe husimulia paa bila kuta.

Hapa kwetu Kenya mfano upo. Katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2004, zilizofanyika Tunisia, timu ya taifa, Harambee Stars, ilipata ushindi wake wa kwanza kabisa katika historia ya fainali hizo, ilipoifunga Burkina Faso mabao 3 kwa 0. Mmoja wa wafungaji alikuwa Dennis Oliech, kijana wa miaka 19. Katika kikosi hicho hicho alikuwamo beki Musa Otieno, aliyekuwa na miaka 30. Hakuna aliyesema siku ile kuwa mmoja wao amekaa mahali pa mwenzake.

Sasa nitasimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwapo timu moja ya kijiji, ambayo sitaitaja jina. Baada ya kushindwa mara tatu mfululizo, viongozi wake waliwaita wachezaji 7 waliokuwa wamepita miaka 28, wakawashukuru kwa soda, wakawaaga wote kwa siku moja. Jumapili iliyofuata walipanga vijana watupu, wengi wao wakiwa wametoka shule mwaka ule. Dakika 20 za kwanza zilikuwa tamu kama asali: pasi fupi fupi, chenga, mbio, na watu wakashangilia mpaka sauti zikakauka. Kisha likaingia bao la bahati mbaya. Mpira uligonga kisiki cha nyasi ukamruka mlinda mlango. Hapo niliona jambo ambalo sijalisahau. Kila mchezaji aligeuka kumtazama mwenzake, na hapakuwa na wa kutazamwa. Waligeukiana kama watoto waliopotea sokoni. Yakaingia mabao mengine manne. Mlinda mlango wao, kijana wa miaka 17, alizomewa na watu wa kijiji chake mwenyewe, akatoka uwanjani akilia. Msimu haukuisha kabla vijana wanne hawajauacha mpira kabisa.

Na ile mahakama ya Jumatatu ilisema nini? Ilisema, "Tuliwaambia watoto hawajui." Watu walewale! Basi jifunze hapa, msomaji wangu, kuwa anayewafukuza wakongwe kwa jina la vijana mara nyingi hawapendi vijana. Amechoka kushindwa tu, naye ataka sura mpya za kulaumu.

Wakulima wa sehemu zetu wana akili kuliko viongozi wa timu zetu. Tazama mashamba ya miwa kutoka Rongo kuelekea Awendo. Muwa ukikatwa, shina lake hubaki ardhini na kutoa chipukizi. Chipukizi hukua, nayo hukatwa. Kisha shina hutoa tena. Lakini kila mkato mazao hupungua, na siku hufika ambapo shina limechoka na ni lazima ling'olewe, ardhi ilimwe na mbegu mpya ipandwe. Mkulima asiyeng'oa shina lililochoka huvuna mabua. Lakini mkulima mwenye busara hang'oi shamba lote kwa mwaka mmoja, kwa maana mmea mpya wataka mwaka mmoja na nusu au zaidi ndipo ufae kupelekwa kiwandani, na katika muda huo watoto watakula nini, na karo italipwa kwa nini? Hung'oa kipande hiki mwaka huu na kipande kile mwaka ujao, hata siku zote pana miwa inayokatwa, miwa inayokua, na mbegu inayochipua. Hayo ndiyo malezi ya timu. Wala si siri kutoka ng'ambo. Babu zetu wasiojua kusoma wanaifahamu hesabu hiyo.

Nimekwisha kuwajibu wa upande wa kwanza. Sasa nawageukia wa upande wa pili, na hapa kalamu yangu ni nzito, kwa kuwa nitajishitaki mwenyewe.

Wako wasemao kuwa mkongwe asiguswe. Husema, "Penye wazee haliharibiki neno," na, "Ng'ombe hazeeki maini." Methali hizi ni nzuri, lakini haikukusudiwa zitumiwe na mtu anayeogopa kukaa benchi. Ng'ombe hazeeki maini, ni kweli. Lakini huzeeka miguu, na jembe huvutwa kwa miguu. Mkongwe anayedai nafasi kwa sababu ya mabao aliyofunga miaka 8 iliyopita ni sawa na mtu anayedai mshahara wa mwezi huu kwa kazi ya mwaka ule. Heshima anastahili, na tumpe bila choyo. Nafasi ni neno jingine.

Mimi nilicheza beki wa kati katika timu ya sokoni mpaka nilipopita miaka 31. Goti langu la kushoto lilikuwa limekwisha kunipa habari, lakini sikutaka kuisoma barua yake. Katika timu hiyo alikuwapo kijana mmoja, mrefu, mkimya, mwenye kichwa chepesi cha kuelewa. Alifika mazoezini kabla ya watu wote na kufunga nyavu. Kila Jumapili alivaa viatu, akafunga kamba, akakaa. Siku moja aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mimi nitacheza lini?" Nikamjibu kama wakubwa wengi wajibuvyo, "Subiri, ungali mdogo." Alisubiri msimu ule, akasubiri na uliofuata. Mimi kila Jumapili niliingia nikiburuta goti, na watu waliponiita jina langu nililewa sifa. Msimu wa tatu hakuja. Alipewa pikipiki na mjomba wake, akaanza kubeba abiria.

Bado naonana naye pale njia panda. Huniamkia kwa heshima ileile, "Mwalimu, habari ya kazi?" na mara nyingine hukataa nauli yangu. Hajui kuwa heshima yake yanichoma kuliko matusi. Hakushindwa na mchezaji bora kuliko yeye; alishindwa na majivuno ya mtu mzima. Na ubaya wangu haukuwa katika kucheza tu, bali katika kucheza bila kumfundisha. Misimu miwili nilikuwa naye, nami sikumwonyesha hata jambo moja katika yale niliyoyajua: jinsi ya kumsoma mshambuliaji begani wala si miguuni, jinsi ya kusimama hatua mbili nyuma mwenzako akienda mbele. Niliogopa kuwa akijua ninalolijua, sitakuwa na kitu. Elimu niliyoificha ilizeeka pamoja na goti langu, na leo haimfai mtu yeyote.

Kwa hiyo nathubutu kusema sheria moja, na sheria hii ndiyo roho ya insha hii: mkongwe ana haki ya kubaki katika timu kwa kadiri ya anachokirithisha. Anayefundisha, na abaki, hata kama anacheza dakika 20 tu. Asiyefundisha, na aondoke, hata kama bado anafunga mabao. Kwa maana mabao yake yataondoka pamoja naye.

Usidhani kuwa kukaa benchi ni fedheha. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1990, lililochezwa Italia, Roger Milla wa Cameroon alikuwa na miaka 38. Hakuanza hata mechi moja; kila mara aliingia katikati ya mchezo, wachezaji wa upande wa pili wakiwa wamechoka. Hata hivyo alifunga mabao 4, mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Colombia, na Cameroon ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali ya kombe hilo. Bao lililoishangaza dunia siku ya kwanza, lililoifunga Argentina, lilifungwa na mwenzake aliyekuwa mdogo kwa umri, François Omam-Biyik. Fikiri ingalikuwaje kama Milla angalinuna kwa kuwa hakuanza, au kama waliompanga wangalisema kuwa mtu wa miaka 38 hana kazi. Kila mmoja alijua kipande chake cha shamba.

Nimewashitaki vijana kidogo, na wakongwe, na nafsi yangu. Amebaki mshitakiwa ambaye ile mahakama ya Jumatatu haimwiti kamwe, naye ni mlezi wa timu: kiongozi, mfadhili, na kamati. Ugomvi wa wazee na vijana humfaa sana mtu huyu, kwa sababu watu wanapobishana juu ya umri, hakuna anayeuliza juu ya daftari la fedha, wala juu ya timu ya watoto isiyokuwapo.

Tazama kisa cha jirani zetu wa Awendo. Timu ya SoNy Sugar, iliyopewa jina la kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2006. Timu ya mji mdogo, iliyozungukwa na miwa, iliwashinda wakubwa wa Nairobi na Mombasa! Sisi wa Rongo tulijivuna kana kwamba kombe lilipita mlangoni mwetu. Na kwa kweli, kutoka Awendo kuja kwetu ni mwendo mfupi wa matatu. Walakini mwaka 2019 timu hiyo hiyo iliondolewa katika Ligi Kuu. Je, iliondolewa kwa sababu wachezaji wake walikuwa wazee? La, hasha. Kwa sababu walikuwa watoto? La. Iliondolewa kwa kukosa kufika katika mechi tatu. Mchezaji wa miaka 19 na mchezaji wa miaka 34 walipoteza ligi siku moja, kwa sababu moja, na hapakuwa na mbio wala busara ambayo ingaliwaokoa. Umri haukuwa na shauri katika kesi ile. Basi kila utakaposikia watu wakigombana, "Wazee! Vijana!" uliza kwanza kama timu ina nauli ya kwenda mechi ijayo.

Na walezi wanaweza kufanya vema wakitaka. Katika mtaa wa Mathare, Nairobi, kilianzishwa mwaka 1987 chama cha michezo cha vijana kijulikanacho kama MYSA. Humo watoto hawakufundishwa kupiga mpira tu. Wale waliotangulia waliwafundisha waliofuata, wakawa waamuzi wa mechi zao, na wote wakashiriki kusafisha mitaa yao. Kutokana na chama hicho ikatoka timu ya Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa Kenya. Huko kijana wa miaka 16 alikuwa tayari mkongwe wa mtu fulani, kwa kuwa alikuwa na mtoto wa miaka 10 wa kumfundisha. Hiyo ndiyo maana ya kweli ya ukongwe, na haina haja ya mvi.

Sharti nitaje uovu mmoja zaidi, kwa kuwa wakuhusu wewe mwanafunzi. Mara nyingine mtu mzima hupunguziwa miaka kwa karatasi ili acheze michezo ya shule, na watu humwita mamluki huku wakicheka. Si jambo la kucheka. Kila mwongo wa umri anayevaa jezi ya shule humvua jezi hiyo mwanafunzi wa kweli, ambaye pengine ndiyo nafasi yake ya pekee ya kuonekana. Ukiona jambo hilo shuleni kwako na ukanyamaza kwa kuwa mnashinda, jua kuwa mnakula mbegu.

Tufanye nini basi? Sitaki kubomoa nyumba nisiache hata kijiti. Timu yoyote, ya taifa au ya kijiji, yaweza kufuata desturi chache zisizohitaji fedha nyingi. Kila mkongwe apewe kijana mmoja wa nafasi yake, na aulizwe mbele ya wote, kila mwisho wa msimu, amemfundisha nini. Kijana asitupwe katika mechi ya fainali ili kumfurahisha mfadhili, wala asiwekwe benchi misimu miwili ili kumfurahisha nahodha. Aingizwe kidogo kidogo, dakika 15 leo, nusu ya mchezo kesho, katikati ya watu wanaojua kumwita jina na kumwelekeza. Wasitolewe wachezaji wengi kwa siku moja, ila watolewe kama mkulima ang'oavyo shamba, kipande kwa kipande. Na mchezaji ambaye siku zake zimekwisha aambiwe ukweli mapema, kwa heshima, na apewe kazi nyingine katika timu ikiwa anaiweza. Asisubiri kuzomewa ndipo ajue.

Kuna watakaosema, "Mwalimu, mpira ni mchezo tu, mbona wauwekea maneno mazito?" Nawajibu kuwa tabia ya watu huonekana wazi uwanjani kuliko mahali pengine, kwa kuwa pale hakuna pa kujificha. Kijiji kisichoweza kumwambia beki mmoja, "Asante, sasa mfundishe huyu," hakitaweza kumwambia mwenyekiti neno hilo. Na kijiji kinachowatupa wakongwe wake wa mpira kama maganda ya muwa kitafanya vivyo hivyo kwa mafundi wake, wakunga wake, na walimu wake. Kisha kitashangaa kwa nini kila kizazi kinaanza kujifunza upya jambo ambalo lilikuwa limekwisha kujulikana.

Sasa nakurudia wewe, msomaji. Wewe leo ni chipukizi, na watu watakupaka mafuta kwa maneno kwamba wewe ni kesho. Usiridhike na sifa hiyo. Nenda kwa yule mchezaji wa zamani wa kijiji chenu, yule mnayemcheka kwa kitambi chake, ukamwombe akuonyeshe jambo moja alilolijua. Mwulize alisimama wapi kona ilipopigwa. Mwulize alimwambia nini mwenzake aliyekosa penalti. Utashangaa kuona uso wake ukinawiri, na huenda ukaondoka na kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Na siku itakuja, tena upesi kuliko unavyodhani, ambapo goti lako nalo litakuletea barua. Isome. Kisha mtafute kijana anayefika kabla ya wote na kufunga nyavu, umkabidhi unachokijua kabla hujamkabidhi jezi. Mimi nilichelewa. Kijana wangu anabeba abiria pale njia panda, na kila aniitapo "Mwalimu" nakumbuka kuwa jina hilo, kwake yeye, sijalitimiza.